Betri Mbili Chini ya Kitanda cha Mzee

Kengele aliziamkia betri kabla ya kumwamkia baba yake. Hakuwa amekosa adabu, ni chumba tu kilivyopangwa. Betri zilikaa chini ya kitanda, mzee alikaa juu yake, na mtu anayepiga magoti asubuhi na mita mkononi hukutana kwanza na walio chini. Alibana waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi, akakodolea macho kioo cha mita, na kabla hajasoma chochote sauti ikashuka kutoka kwenye godoro, sauti ya mtu anayevuta hewa kwa mrija wa puani.

"Ngapi?"

"Kumi na mbili nukta nne. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jana ilikuwa nukta tano."

"Jana ilikuwa jana."

"Ndivyo wanavyosema wezi."

Mzee alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na maisha yake yote alivuta sigara kwa bidii ambayo angeielekeza kwenye masomo leo tungekuwa tunamwita profesa. Mapafu yakastaafu kabla yake. Sasa aliishi kwa mashine ya oksijeni, sanduku jeupe lenye sauti ya mtu anayekoroma kwa heshima, ambalo linanyonya hewa ya chumbani, linaichuja, na kumpelekea mzee ile iliyo bora. Mashine inakula umeme. Umeme wa mtaa ule ulikuwa kama mjomba mlevi, unakuja unapotaka, unaondoka bila kuaga, na ukirudi unataka kila mtu afurahi.

Ndiyo maana kulikuwa na betri. Umeme ukikatika, inveta iliyo ukutani inazigeukia zile mbili za chini ya kitanda na mashine inaendelea kukoroma. Zilikuwa betri kavu, zile zilizofungwa kabisa, zisizoongezwa maji wala kumwaga tindikali, na ndiyo sababu zikaruhusiwa kulala chumba kimoja na mgonjwa. Kengele alizipata kwenye ofisi moja kubwa ambako sheria inataka betri zibadilishwe muda wake ukifika hata kama bado ni nzima. Wakubwa wa ofisi ile wenyewe, muda wao ulishapita siku nyingi na hakuna aliyewabadilisha, lakini hilo si jambo la fundi.

Jina lake la Kengele lilitokana na kazi. Alifunga na kutengeneza kengele za wezi madukani. Ndani ya tumbo la kila kengele kuna betri kavu ndogo, umbo la tofali, inayongoja siku umeme utakapozimika ili kengele isife. Kazi yake ni kupita duka kwa duka na ngazi begani, kuzipima na kuzibadilisha zilizochoka. Ni kazi isiyo na shukrani, maana ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na mwenye duka anakuuliza hivi wewe unakujaga kufanya nini.

Kosa la maisha yake lilikuwa hapa. Umeme ukikatika, mtu wa kawaida hutukana kidogo, akatafuta mshumaa. Kengele aliitwa na mji mzima. Kila kengele yenye betri mbovu ilianza kulia tii-tii-tii, kila mwenye duka akachukua simu, na dakika hiyohiyo, nyumbani, baba yake alikuwa amehamia kwenye zile mbili za chini ya kitanda. Alikuwa akishuka ngazi ya mtu mmoja ili akimbilie pumzi za mwingine. Akifika jasho linamtoka, anamkuta Mzee amekaa kitako anasikiliza mpira redioni.

"Unakimbia nini? Umemuibia mtu?"

Kisha kumwogesha, kumgeuza, kumbadilishia shuka, kupika, kufua, kuchaji, kulala kwa jicho moja. Wenye duka walimuuliza mbona unakonda, naye akajibu ni joto. Hata msimu wa baridi alijibu ni joto. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna aliyeona sababu ya kulinyanyua kanda hilo ahakikishe.

Mzee, ili apate cha kushika katika dunia iliyomponyoka, alijifunza namba. Kengele alimfundisha kwa lugha ya sahani. Kumi na mbili nukta nane, betri imekula ikashiba. Nukta mbili, imekula nusu sahani. Chini ya kumi na mbili, njaa. Ikiwa kazini ikashuka hadi kumi na nusu, usiulize tena, hiyo inajila yenyewe. Mzee akaanza hata kukohoa kwa kufuata mita. Siku ya nukta saba alikohoa kistaarabu, kama mtu aliye kwenye mkutano. Siku ya nukta tatu alikohoa mpaka jirani muuza mkaa akachungulia mlangoni. Na kila siku alimpigia simu binti yake aliye mji mwingine kumtangazia namba, kama wengine wanavyotangaza matokeo ya mechi.

Lakini namba ina sharti lake dogo, na hilo Kengele alilisema mara moja tu na hakuna aliyelishika. Betri haisemi kweli mpaka ipumzike. Ukiitoa tu kwenye chaja ukaipima, inakuonyesha kikubwa kuliko ilicho nacho. Ni kama mgeni aliyenyanyuka mezani sasa hivi. Muulize, atakuambia hatakula tena mpaka mwakani. Mngoje jioni.

*

Wiki ile umeme ulikatika mchana wakati Kengele yuko juu ya ngazi kwenye duka la vioo. Alipofika nyumbani, inveta ilikuwa imeshapiga kelele zake za mwisho na kunyamaza. Mzee alikuwa ameinama ukingoni mwa kitanda, midomo rangi ya jivu, na muuza mkaa alikuwa amefungua dirisha anampepea kwa mfuniko wa sufuria, mkono mmoja mweusi wa masizi begani mwa mzee, anamwambia vuta, vuta, usinifie mimi hapa, nina wateja. Umeme ukarudi wenyewe. Mzee akarudi naye, taratibu, akiwa na hasira.

"Dada yako asijue," alisema alipopata pumzi ya kusema.

Kengele hakumwambia. Muuza mkaa ndiye aliyemwambia.

Dada Mkubwa alikuja na pikapu ya shule. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke aliyezoea kukoroga chungu kwa mwiko mrefu kama kasia, na kwake yeye binadamu wote walikuwa wanafunzi waliosimama kwenye foleni na sahani. Nyuma ya pikapu alikuwa amepakia godoro. Mbele, kwenye kiti, alikuwa amefunga kwa mkanda mtungi mdogo wa oksijeni aliouazima kwenye zahanati ya shule. Kengele alipouona ule mtungi umefungwa mkanda kama mtoto, akajua dada hakuja kusalimia.

"Shuleni kuna jenereta," Dada Mkubwa alisema kabla hajakaa. "Umeme ukienda, linawaka lenyewe. Hujamaliza hata kusema 'jamani'. Baba anakuja kwangu."

"Baba haendi," alisema Mzee.

"Baba, ulikuwa unakufa."

"Nilikuwa nainama. Mtu akiinama kwenu mnamchimbia?"

"Muuza mkaa ameniambia."

"Muuza mkaa anauza mkaa."

Kilichokuwa kinamshikilia Mzee mle chumbani ni dirisha. Lilitazama uwanja wa malori. Alfajiri yakianza kuwashwa, alikuwa anayatambua kwa sauti, moja moja, bila kufungua macho. Hili lina pampu mbovu, hili limebadilishiwa dereva, huyu kijana anaua klachi jamani. Hakuwa na kitu kingine. Mke alishatangulia, mapafu yalishaondoka, rafiki zake nusu walikuwa kaburini na nusu walikuwa wanamdanganya watakuja kumwona.

"Kwako dirishani kuna nini?" alimuuliza binti yake.

"Bustani ya kabichi."

"Nife natazama kabichi?"

Dada Mkubwa alivuta kiti. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu amezoea kugawa. "Sikiliza, Baba. Tusigombane kama watoto. Kila siku unanipigia simu nukta tano, nukta saba. Leo nataka nione mwenyewe. Betri zikiwa zimeshiba, wewe unabaki hapa, mimi narudi na godoro langu. Zikiwa na njaa, unapanda gari hili hili leo. Tumeelewana?"

Mzee alimtazama mwanawe wa kiume. Kengele alikuwa ameegemea ukuta kwa sababu ukuta ulikuwepo.

"Tumeelewana," alisema Mzee.

Umeme ulikuwa umekuwepo tangu alfajiri, na chaja ilikuwa imewasha taa ya kijani. Dada Mkubwa akazichomoa waya za chaja kwa mkono wake, akapiga magoti kwa shida ya mtu mzima, akanyoosha mkono, "Lete hiyo mita." Akabana nyekundu, akabana nyeusi. Akatazama. Akaivua miwani, akaifuta kwa kanga, akatazama tena.

"Ngapi?" alisema Mzee.

"Kumi na tatu nukta mbili."

Mzee hakuwahi kusikia kumi na tatu katika maisha yake ya mita. Alivua kofia yake taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni.

"Rudia."

"Kumi na tatu nukta mbili, Baba."

"Kengele. Hujawahi kuniletea kumi na tatu."

"Huwa napima asubuhi, Mzee. Zikiwa zimetulia."

"Kumbe mkono wa dada yako una baraka."

Dada Mkubwa aliinuka, akajipangusa magoti. Alikuwa ameshindwa na alikuwa muungwana wa kukubali. "Basi. Maneno yangu ni maneno yangu. Nimebeba godoro likaone mji."

*

Hapo ndipo Kengele alipaswa kufurahi, na mtu yeyote angefurahi, ila yeye alikuwa fundi. Alijua ile kumi na tatu ni joto la chaja. Kila asubuhi kwa wiki kadhaa alikuwa akiziona zikishuka, nukta tano, nukta nne, nukta tatu, hata baada ya kuchajiwa siku nzima. Alijua pia kwamba moja kati ya zile mbili ilikuwa imeanza kuvimba tumbo ubavuni, na kwamba betri mbili zikifungwa pamoja, iliyochoka huilia nzima chakula chake, kisha zote zinabaki na njaa. Kinywa kikamjaa maneno.

Akakifunga.

Maana maneno yenyewe yalikuwa na uchafu. Akisema betri ni mbovu, Mzee anaondoka. Mzee akiondoka, Kengele atalala. Hakuna kuogesha, hakuna kugeuza, hakuna kukimbia na ngazi. Usingizi ule aliutamani kama watu wanavyotamani maovu. Kwa hiyo angesema kweli kwa ajili ya nani? Ukweli ukishafanana na tamaa yako, hata wewe mwenyewe unautilia shaka. Na akinyamaza, angeonekana mtoto mwema mpaka siku umeme utakapokatika yuko juu ya ngazi.

Alijaribu kuishi na ule wema kwa muda wa kumeza mate. Akaona hauwezekani.

"Dada," alisema, "ziache zipoe. Tutazipima tena baada ya chakula."

Mzee akageuza shingo. "Ya nini? Zimeshapimwa."

"Zimepimwa zikiwa zimetoka kwenye chaja."

"Ulitaka zipimwe zikitoka msikitini?"

"Baba," alisema Dada Mkubwa, na macho yake yakawa kwa mdogo wake. "Unatafuta nini, Kengele? Nimeshakubali."

"Sitafuti kitu. Nataka zipoe."

Dada Mkubwa alipika. Walikula wali uliopikwa na mtu aliyezoea kupikia mamia, kwa hiyo ulikuwa mwingi kama adhabu. Mzee hakugusa. Alikuwa anamtazama mwanawe kama dereva anavyomtazama askari wa barabarani anayezunguka gari mara ya pili.

Jua lilipohamia ukuta wa pili, Kengele akapiga magoti.

"Kumi na mbili nukta tano," alisema.

"Si mbaya," alisema Mzee haraka. "Nukta tano ni heshima. Watu wanaishi na nukta tano."

"Hapo zimelala, Mzee. Ukimkuta mtu amelala huwezi kujua kama anaweza kubeba gunia."

Akainuka, akachomoa plagi ya ukutani. Inveta ikabofya, ikazigeukia betri. Mashine ikaendelea kukoroma. Dada Mkubwa alimimina chai akaweka kikombe juu ya kigoda, na wote watatu wakaitazama mita kama wanangoja iseme.

Kumi na moja nukta tisa. Nukta saba. Ikasimama pale kidogo, na Mzee akaitikia kwa kichwa, kama kumtia moyo mwanafunzi. Nukta nne. Nukta moja.

Ndipo Kengele alipogundua chumba kimekuwa kimya zaidi. Akainua macho. Mzee alikuwa amefumba midomo, mikono imeshika ukingo wa kitanda, kifua hakiendi. Alikuwa anavuta hewa kidogo kidogo, kwa hila, kama mtu anayeiba sukari.

"Mzee, unafanya nini?"

Mzee hakujibu mpaka alipolazimika. "Naisaidia."

"Unaisaidia nini?"

"Nikivuta kidogo, itakula kidogo."

Dada Mkubwa akageukia dirishani, akakuta malori hayana la kumwambia.

"Haijui unavuta kiasi gani, Mzee," Kengele alisema. "Inakula kile kile. Vuta tu. Vuta vizuri."

"Ungeniambia mapema. Nimejibana bure."

Kumi nukta sita. Inveta ikaanza kulia tii-tii-tii, ile sauti ambayo Kengele aliijua kutoka kila duka la mji ule. Akarudisha plagi ukutani. Chai ya kwenye kigoda ilikuwa bado inatoa moshi.

*

Mzee ndiye aliyeanza, na hakupaza sauti, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Ilikuwa kumi na tatu. Mimi nilishabaki. Ukanitoa kwa mkono wako."

"Ndiyo, Mzee."

"Umechoka nami."

Kengele alifungua mdomo kusema hapana. Ile hapana haikupanda.

"Betri ni mbovu," alisema.

"Nimekuuliza habari za betri?"

Dada Mkubwa aliingilia, kwa sauti aliyoitumia kwa watoto wenye homa. "Kengele, mdogo wangu. Kweli umechoka?"

"Mimi? Sina neno, Dada. Niko sawa."

Mzee alicheka. Kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikakatika, akabaki anamnyooshea mwanawe kidole. "Mtazame. Amekaa kwenye kiti, amekula wali wako, umemwita mdogo wangu. Kumi na tatu nukta mbili. Unampima ametoka kwenye chaja." Akapumzika. "Mpime ananibeba kwenda chooni. Mimi nimempima. Huwa anatetemeka magoti, anadhani mimi nina mapafu mabovu na macho pia."

"Mbona hukusema, Baba?"

"Ningesema, ningebaki na nani?"

Kisha akavaa kofia yake. Kwa Mzee, kuvaa kofia ndiyo ilikuwa hotuba. Kengele alimfungia mtungi, akaipakia mashine juu ya godoro, akamvalisha viatu, akambeba mgongoni mpaka kwenye pikapu. Safari ile magoti yalitetemeka na hakuna aliyejifanya hakuona. Muuza mkaa alileta ule mfuniko wa sufuria, akauweka mapajani mwa Mzee, eti wa akiba. Mzee akampa mkono, akamwambia yeye ni mmbeya asiye na mfano.

"Lete na hiyo mita," alimwambia Kengele gari likishawaka.

"Ya nini, Mzee? Kule kuna jenereta."

"Jenereta linawashwa na nini? Si betri? Nitaipima. Siwezi kukaa kwa watu bila kazi."

*

Betri zilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, zikaacha sakafuni alama mbili za mraba, safi kuliko chumba chote. Kengele alilala. Alilala mpaka wenye maduka wakadhani amesafiri, akaamka akiwa bado amechoka, akashangaa. Betri ikishaachwa na njaa muda mrefu, chumvi inagandia ndani kwenye mabamba yake ya madini ya risasi. Unaweza kuichaji wiki nzima na isirudi ilivyokuwa. Hilo alilijua. Alitumaini tu kwamba si lazima liwe hivyo kwa kila kitu.

Asubuhi moja alijikuta amepiga magoti kando ya kitanda kitupu, mikono mitupu, anatazama ile miraba miwili. Simu ikalia.

"Ngapi?" ilisema sauti ya mrija.

"Shikamoo, Mzee. Mita unayo wewe."

"Marahaba. Huku kila kitu kumi na mbili nukta nane. Jenereta nukta nane, gari la shule nukta nane, hata kengele ya bweni. Nimewapima wote. Watu wameshiba mpaka wanachosha. Umeme haukatiki, nakohoa tu bila taarifa yoyote." Akavuta pumzi. "Nimekuuliza ngapi. Kisia."

Kengele aliketi sakafuni. Alifikiri kusema nukta saba.

"Imeshuka, Mzee."

"Chini ya kumi na mbili?"

"Chini."

Kule kwingine mashine ilikoroma. Nje, uwanjani, dereva wa kwanza alikuwa anapanda kwenye lori lake.

"Basi usiiwashie kitu leo," Mzee alisema. "Iache. Na nifungulie dirisha."

Kengele alifungua dirisha, akaiweka simu ukingoni, uso wake ukitazama malori. Kisha akajitupa kwenye kitanda cha baba yake bila kuvua viatu. Lori la kwanza likakohoa, likawaka.

"Huyo pampu bado hajatengeneza," ilisema simu. Lori la pili likawaka. "Huyo sasa ni nani? Kengele, huyo mgeni ni nani?"

Kengele alikuwa amelala. Mzee alingoja jibu kidogo, akaacha kungoja, akaendelea kusikiliza peke yake mpaka lori la mwisho likatoka.